Kitufe Kidogo, Swichi ya Nyuma na Kazi Iliyokuwa Ikipotea Usiku: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha ofisi moja ndogo. Majina, mahali na aina ya mashine vimeondolewa, na vyeo vya wahusika vimegeuzwa kiasi cha kuwaficha. Mambo ya kiufundi hayakuguswa, maana ndiyo yenye somo.

## Usuli

Ofisi ilikuwa na kompyuta moja ya mezani iliyotumiwa kwa zamu na watu watatu: mhasibu, katibu na kijana wa mafunzo kwa vitendo. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake ndani ya Windows. Mashine iliwafikia ikiwa imeshatumika kwingine, haina kitabu cha maelezo wala mtu wa kuulizwa.

Mbele ya sipiyu, yaani lile kasha la kompyuta, kulikuwa na vitufe viwili. Kikubwa kilikaa juu, kikiwa na ile alama inayojulikana: duara lenye mwanya juu, na mstari mfupi umesimama kwenye mwanya huo. Kidogo kilikuwa chini yake, cheusi, hakina alama yoyote, kimebanana na matundu ya USB. Nyuma kulikuwa na swichi ya pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) yenye I upande mmoja na O upande wa pili, kiswichi chekundu cha kusogezwa kwa ncha ya bisibisi chenye namba 115 na 230, na kitufe kingine kidogo mno kilichozama kwenye bati la mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote. Monita nayo ilikuwa na vitufe vyake.

Siku mashine ilipowekwa ofisini, mtu alibonyeza kitufe kikubwa. Kimya. Wakageuza swichi ya nyuma huku na huku, wakakagua plagi, wakabonyeza tena. Kimya. Katibu, kwa kujaribu tu, akabonyeza kile kidogo, na feni zikazunguka. Tangu hapo ikawa sheria ya ofisi: kikubwa kimekufa, tumia kidogo. Kazi ilikuwa inasubiri, na mashine ilikuwa imewaka. Nani angeuliza zaidi?

## Mambo yalivyokwenda

Baada ya muda mhasibu akaanza kulalamika. Alikuwa akitumia programu ya hesabu ambayo haihifadhi kitu mpaka uiambie ihifadhi. Jioni alifunga skrini kwa nywila na kuondoka, akiacha kazi wazi ili aiendeleze kesho. Asubuhi alikuta mashine inaanza upya kabisa, kazi haipo. Haikutokea kila siku, na jambo hilo lilizidi kuwachanganya. Katibu, aliyetumia mashine hiyo hiyo jioni hiyo hiyo, hakuwahi kupoteza hata mstari mmoja.

Kila mtu akawa na maelezo yake. Msimamizi alisema umeme hukatika usiku. Kijana wa mafunzo alisema ni virusi, akaweka programu ya kuvisaka, ikasaka, isipate kitu. Mhasibu alimshuku kijana. Mwishowe wakahamisha plagi kwenye soketi nyingine ya ukutani, na kwa siku mbili tatu hali ikatulia, wakaamini wamepona. Kumbe ni siku ambazo mhasibu alihifadhi kazi kabla ya kuondoka.

Nilipoitwa kama fundi, niliambiwa nije kuangalia "kompyuta inayojizima". Msimamizi alitaka nifungue sipiyu hapo hapo. Niliomba kwanza nizungumze na watumiaji, mmoja mmoja, na kila mmoja nikamwomba jambo moja: anionyeshe kwa vitendo anavyoiwasha na anavyoizima.

Kijana alizima kwa menyu ya Windows, kisha akabonyeza kitufe cha monita. Aliniambia wazi kwamba zamani alidhani kitufe cha monita ndicho kinachozima kompyuta yote. Si yeye peke yake. Nimewaona watu wazima wenye vyeo wakifanya hivyo, na mashine ikikesha chini ya meza mwaka mzima.

Mhasibu hakuwa na cha kuonyesha kwa sababu hakuwa akizima. Alifunga skrini na kwenda zake.

Aliyebaki alikuwa katibu, ambaye ndiye aliyefunga ofisi jioni. "Nionyeshe unavyoizima, dada," nikamwambia. Alihifadhi kazi yake, akafunga madirisha yake yote, akabonyeza kitufe kidogo mara moja. Skrini ikawa nyeusi, feni zikanyamaza ndani ya sekunde chache. Kisha akainama, akapitisha mkono nyuma ya sipiyu, akageuza swichi kwenda O. Tak.

"Mbele, halafu nyuma," akasema. "Nikiacha ya nyuma, fundi, sina amani."

Hapo nilikuwa na dhana, lakini dhana haitoshi. Nikawasha mashine na kufungua Event Viewer, ile programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio. Kwenye kumbukumbu za mfumo, jioni baada ya jioni, palikuwa na tukio namba 42 kutoka Kernel-Power, sehemu ya Windows inayoshughulikia umeme: mfumo unaingia usingizini, sababu ni kitufe au kifuniko. Hakuna lililofuata mpaka asubuhi, ambapo palikuwa na tukio namba 41: kompyuta imewaka bila kuzimwa sawasawa kabla. Jozi hiyo ilijirudia, 42 jioni na 41 asubuhi. Umeme wa usiku hauwezi kuwa na ratiba inayofuata saa za kufunga ofisi kiasi hicho.

Nikafungua tukio moja la 41 kwenye kichupo cha undani. Kuna sehemu inayoitwa PowerButtonTimestamp. Mtu akizima mashine kwa kushikilia kitufe cha pawa, hapo huandikwa namba ndefu. Hapa palikuwa na sifuri. Kwa maneno mengine, hakuna aliyeshikilia kitufe; umeme ulikatwa moja kwa moja, mashine ikiwa imelala.

Kitufe kidogo hakikuwa kikizima kompyuta. Kilikuwa kikiilaza. Kompyuta iliyolala huzima karibu kila kitu isipokuwa RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, ambayo huendelea kupewa umeme kidogo ili ishike kazi zote zilizo wazi, pamoja na zile za akaunti ya mhasibu zilizokuwa nyuma ya skrini iliyofungwa. Swichi ya nyuma ikienda O, umeme huo mdogo nao unakatika, na RAM inasahau yote. Katibu hakupoteza kitu kwa sababu alihifadhi vyake kwanza.

## Kilichoonekana ndani

Swali lilibaki: kwa nini kitufe kidogo, ambacho kwenye sipiyu nyingi ni cha riseti (kuanzisha mashine upya), kilikuwa kikifanya kazi ya pawa?

Nilizima kwa menyu, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza kitufe kidogo ili kumaliza chaji iliyobaki, ndipo nikafungua ubavu. Hatua ya kuchomoa si ya kurukwa: pawasaplai za ATX, mpango unaotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani, hutoa volti 5 za kusubiri muda wote waya ukiwa umechomekwa na swichi ya nyuma ikiwa kwenye I, hata kama mashine inaonekana mfu.

Kwenye kona ya chini ya mazabodi kuna pini 9 zilizopangwa kwa safu mbili, nafasi ya 10 ikiwa tupu kwa makusudi. Hapo ndipo nyaya za mbele zinapochomekwa, na mpangilio huu unafanana kwenye mazabodi nyingi: pini 6 na 8 ni za kitufe cha pawa, 5 na 7 ni za riseti, 2 na 4 ni za taa ya pawa, 1 na 3 ni za taa ya diski. Kwenye pini 6 na 8 palikuwa na plagi iliyoandikwa RESET SW. Plagi ya POWER SW ilikuwa inaning'inia, imefungwa kwa utepe wa karatasi kwenye fungu la nyaya.

Nilipima kitufe kikubwa kwa multimita, kipimo cha umeme kinacholia nyaya zikigusana. Ukibonyeza, hailii. Swichi yake ya ndani ilikuwa imekufa kweli. Hadithi ikajieleza yenyewe: fundi wa awali alikuta kitufe cha pawa kimeharibika, akachukua kile cha riseti akakifanya cha pawa. Ni njia halali kabisa, na kila fundi ameshaitumia, kwa sababu vitufe vyote viwili ni kitu kimoja: swichi inayogusanisha nyaya mbili kwa muda unaobonyeza, basi. Mazabodi haijui wala haijali kitufe kilichoibonyeza kina sura gani. Ila hakuandika popote.

Kulikuwa na jambo la pili, dogo lakini lilichangia sana. Taa ya pawa ya mbele haikuwahi kuwaka tangu mashine ifike. Plagi yake ilikuwa imechomekwa kinyume. Kitufe ukikichomeka kinyume kinafanya kazi vilevile, lakini taa za aina hii hupitisha umeme upande mmoja tu. Kwenye mazabodi hii taa ya pawa hupepesa polepole mashine ikiwa imelala. Kama ingekuwa inawaka, katibu angeona kitu kinapepesa baada ya "kuzima" na pengine angeuliza.

La tatu lilikuwa kwenye mipangilio. Windows kwenye kompyuta za mezani kwa kawaida hutumia usingizi mseto: kabla ya kulala huandika nakala ya RAM kwenye diski, ili hata umeme ukikatika kazi irudi. Hapa kinga hiyo haikuwepo, kwa sababu mtu fulani alikuwa amezima hibaneti (uwezo wa kuandika RAM yote kwenye diski na kuzima kabisa) ili kuokoa nafasi kwenye diski ndogo. Ukizima hibaneti, usingizi mseto unaondoka nayo, na hakuna ujumbe unaokuonya.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutobonyeza kitu ovyo. Kuna vitufe ambavyo jaribio moja linatosha kuleta hasara. Kile kiswichi chekundu ni mfano: kama umeme wa mahali ni wa volti 230 nawe ukakisogeza kwenye 115, pawasaplai inaweza kuungua pale pale unapowasha. Niliangalia tu namba iliyoonekana kama inalingana na umeme wa ukutani, nikaziba juu yake kwa utepe. Kitufe kilichozama nyuma kilikuwa na neno BIOS kando yake. Ni cha kupakia upya programu ya msingi ya mazabodi kutoka kwenye fleshi, na zoezi hilo likikatizwa katikati mashine inaweza isiwake tena. Nacho kikabaki kilivyo.

Pili, kitufe kikubwa. Msimamizi aliuliza kama haifai kuacha vitu vilivyo na kuweka lebo. Ingewezekana, lakini lebo ya "usibonyeze kikubwa, bonyeza kidogo" inapingana na alama ambayo kila mgeni anaijua. Tulibadilisha swichi ya ndani, nikairudisha plagi ya POWER SW kwenye pini 6 na 8, na taa ya pawa nikaigeuza.

Je, plagi ya riseti irudi kwenye pini 5 na 7? Nilikataa. Riseti haiiulizi Windows chochote. Huanzisha mashine upya papo hapo, iwe umehifadhi au hukuhifadhi. Kitufe chenyewe kilikuwa pembeni ya matundu ya USB, mahali ambapo vidole vinapapasa kila siku vikitafuta pa kuchomeka fleshi. Mashine ikikwama, kushikilia kitufe cha pawa kunatosha. Plagi ya riseti niliifunga vizuri na kuiacha bila kuunganishwa.

Tatu, mipangilio ya kitufe cha pawa ndani ya Windows. Kuna chaguo kadhaa, zikiwemo kulala, kuzima, na kutofanya chochote. Nilichagua hilo la kutofanya chochote. Hoja yangu ilikuwa kwamba ukizima kwa menyu huku mwenzako ana akaunti iliyo wazi, Windows hukuonya kuwa kuna mtu mwingine bado anatumia kompyuta na anaweza kupoteza kazi. Nilitaka onyo hilo limfikie katibu kila jioni.

Hibaneti hatukuirudisha. Diski ilikuwa imejaa na ofisi haikuwa tayari kuondoa mafaili.

## Matokeo

Kazi ya mhasibu haikupotea tena usiku. Katibu alielewa haraka habari ya usingizi, na swichi ya nyuma akaacha kuigusa, ingawa alisema wazi kwamba mwanzoni alikuwa akirudi mlangoni kuangalia kama ile taa imezimika.

Chaguo la "kutofanya chochote", hata hivyo, halikudumu. Jioni moja kijana wa mafunzo alibonyeza kitufe kikubwa, hakuona jibu, akakumbuka kwamba kikubwa ndicho kilichokuwa "kimekufa", akakishikilia mpaka mashine ikazimika. Kesho yake tukio la 41 lilikuwepo, na safari hii kwenye PowerButtonTimestamp palikuwa na namba ndefu. Hakuna kilichopotea, kwa bahati tu. Tukabadilisha kitufe kiwe cha kuzima, na mhasibu akakubali kuhifadhi kazi na kutoka kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka, badala ya kufunga skrini tu.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuomba kuonyeshwa. Kama ningemuuliza katibu "unaizimaje?", angejibu "kwa kitufe", na jibu lingekuwa kweli kwa upande wake. Ile hatua ya pili, mkono kupita nyuma ya sipiyu, watu hawaitaji kwa sababu kwao si hatua, ni mazoea. Wala si mazoea ya kipuuzi. Kabla ya mpango wa ATX ulioletwa na Intel mwaka 1995, swichi ya mbele ya kompyuta nyingi ilikata umeme wenyewe. Ukiibonyeza, mashine imezimika kweli. Tangu ATX, kitufe cha mbele hakikati kitu. Kinapeleka ombi kwa mazabodi, mazabodi inaiambia Windows, na Windows inaamua kulingana na ilivyopangwa. Katibu alihisi kwamba kitufe cha mbele hakimalizi kazi, na hakukosea.

Ile alama ya duara lenye mwanya nayo inasema hivyo hivyo kwa anayejua kuisoma. Katika alama za kimataifa za IEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya umeme, mstari ni kuwasha na duara ni kuzima, ndiyo I na O za swichi ya nyuma. Mstari ulioingia kwenye mwanya wa duara maana yake ni kusubiri: mashine haijatengana na umeme. Alama ilisema kweli muda wote, ila kwenye kitufe kilichokufa, na kile kilichokuwa hai hakikuwa na alama.

Ndiyo maana naona vigumu kujibu swali la "kitufe hiki kinafanya nini?" kwa kukitazama. Majibu yako mahali patatu. Waya umechomekwa kwenye pini zipi? Mfumo umeambiwa ufanye nini ukipata ombi? Na kidole kimekaa muda gani? Hili la tatu watu hulisahau. Kubonyeza mara moja ni ombi, na ombi hutii mipangilio. Kushikilia kwa sekunde 4 hivi au zaidi ni amri ya vifaa vyenyewe. Mashine inakatwa, na hakuna mpangilio ndani ya Windows unaoweza kuizuia. Kitufe kimoja, kazi mbili. Kijana wa mafunzo alizipitia zote mbili jioni ile ile, kwenye kitufe kile kile.

Kilichoshindwa kabla sijafika ni mpangilio wa uchunguzi. Virusi, umeme, soketi na mtu wa kulaumiwa vilijaribiwa kabla ya mtu yeyote kufungua kumbukumbu za matukio, ambazo zilikuwa na jibu tangu jioni ya kwanza na ni bure kuzisoma. Ofisi pia ilibadilisha soketi na kuangalia "kama imepona" bila kujua ni mazingira gani huleta tatizo, kwa hiyo utulivu wa siku chache ukahesabiwa kuwa tiba.

Fundi wa awali simlaumu kwa kubadilisha plagi. Namlaumu kwa ukimya, na kwa taa. Kugeuza plagi ya taa ni kazi ya sekunde chache, na taa iliyozimika ilizificha hali mbili zisizofanana, kulala na kuzimika, nyuma ya sura moja. Mtu anayeangalia skrini nyeusi na feni zilizonyamaza hana namna ya kuzitofautisha.

Chaguo la "kutofanya chochote" nalo lina funzo lake kwa mafundi. Kwenye karatasi lilikuwa salama kuliko yote, lakini kitufe kisichojibu humfanya mtu abonyeze kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na muda mrefu ndio unaokata umeme. Mahali penye watumiaji wengi, afadhali kitufe kijibu kwa jambo linaloonekana, hata kama si jambo ambalo fundi angelipenda.

Kwenye ubavu wa ndani wa sipiyu nimebandika karatasi inayosema pini zipi zimeunganishwa, kwamba riseti imeachwa kwa makusudi, na kwamba hibaneti imezimwa. Hilo la hibaneti bado ni deni: siku diski itakapobadilishwa kwa kubwa zaidi, irudishwe, pamoja na usingizi mseto.